Pampu ya Dizeli Iliyochakaa: Namna ya Kuitambua katika Gari la Zamani

Mahali pengi mashambani, gari lipelekalo mazao mnadani na mgonjwa hospitali, na mabati ya kuezekea shule, ni gari la dizeli lililokwisha kuzeeka. Likiwa zima, kijiji kizima hunufaika. Likilala, nyanya huoza na mgonjwa hungoja. Siku lianzapo kukataa kuwaka, au kushindwa na kilima ambacho zamani lilikipanda bila taabu, aghalabu mwenyewe huambiwa neno moja tu: "Pampu imekufa."

Neno hilo ni zito. Pampu ya dizeli ni kimoja cha vyombo vya thamani kubwa katika injini, na mtu aweza kuuza ng'ombe wake ili anunue nyingine, kisha akaona gari liko vile vile, kwa kuwa ugonjwa haukuwa katika pampu tangu mwanzo. Tena yuko mwingine ambaye pampu yake imechakaa kweli, naye huendelea kubadilisha betri na machujio mpaka gari limlaze njiani usiku.

Makusudi ya maneno haya ni kumsaidia kila mmoja wa hao wawili. Yapasa tujue dalili za kweli za pampu iliyochakaa, na yapasa tujue pia mambo mengine yenye dalili zinazofanana nazo. Shauri letu ni hili: pampu na iwe mshtakiwa wa mwisho, wala si wa kwanza.

Kwa mfano tutachukua gari lijulikanalo sana katika Afrika ya Mashariki, yaani Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya silinda nne, namna ya 2L au 3L. Maneno mengi yatakayosemwa yatafaa pia kwa magari mengine yenye pampu ya namna hiyo.

KAZI YA PAMPU

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuonyesha injini yake ikifanya kazi vema mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Injini hiyo ilikuwa kubwa na nzito, kwa sababu mafuta yalipulizwa ndani kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa na mtambo mwingine. Haikuwezekana kuiweka katika motokaa. Njia ilifunguka mwaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo za kusukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha gari dogo la dizeli, 260 D. Hata mwaka 1976 Volkswagen ikatoa Golf ya dizeli yenye pampu nyepesi zaidi, iitwayo VE, na pampu ya Hilux tunayoisema ni ya ukoo huo.

Injini ya dizeli haina cheche ya umeme ya kuwasha mafuta. Pistoni hupanda na kuishindilia hewa mpaka ikawa na moto wa digrii zaidi ya 500, ndipo dizeli hunyunyizwa ndani yake kama ukungu, ikawaka yenyewe. Mambo matatu ni lazima: mafuta yawe ya kipimo chake, yaingie kwa wakati wake, na yaingie kwa nguvu nyingi. Nozeli, yaani kile kinyunyizio kilichofungwa katika kila silinda, haifunguki mpaka mafuta yasukumwe kwa nguvu ipitayo ile ya upepo wa tairi la gari dogo mara hamsini au zaidi. Mambo hayo yote matatu ni kazi ya pampu.

Ndani ya pampu ya VE mna pampu mbili. Ya kwanza ni ndogo, yenye mabawa. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka tangini kupitia chujio na kulijaza jumba la pampu. Ya pili ni kijipistoni kimoja cha chuma kigumu, ambacho mafundi hukiita plunja. Plunja huzunguka na papo hapo hupiga mbele na nyuma, ikigawia silinda ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ya nne, kila moja kwa zamu yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plunja hupiga mara 6,000 katika dakika hiyo, yaani mara mia kwa kila nukta ya saa.

Msomaji na akumbuke jambo hili vizuri: plunja ni moja tu kwa silinda zote nne. Tutalihitaji baadaye.

Nafasi iliyopo kati ya plunja na tundu lake ni kiasi cha elfu mbili au elfu tatu za milimita. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko nafasi hiyo mara ishirini na zaidi. Hakuna mpira wala kizibo kizuiacho mafuta yasirudi nyuma; kizuizi ni ule wembamba wa nafasi peke yake. Wala hakuna oili nyingine iilainishayo pampu hiyo. Dizeli yenyewe ndiyo oili yake.

NINI HUIUA PAMPU?

Maadui wa pampu ni wanne. Wa kwanza ni maji. Tangi likiachwa nusu usiku kucha, hewa iliyo juu ya mafuta hupoa na unyevu wake hugeuka matone; tena pipa lililoachwa wazi kwenye mvua huleta maji mengi. Maji hayalainishi chuma, nayo huleta kutu. Wa pili ni mchanga na vumbi, uingiao kwa mdomo wa tangi, au kwa debe chafu, au kwa chujio lililopitwa na wakati wake.

Wa tatu ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli kwa tamaa ya faida. Mafuta ya taa huwaka, na gari litakwenda, lakini ulaini wake ni haba, na plunja husagika kidogo kidogo bila mwenye gari kujua. Jambo hili limekuwa sumbuko la nchi nzima. Katika Tanzania, mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kutia alama katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Kenya nayo iliweka tozo ya namna hiyo juu ya mafuta ya taa mwaka 2018. Basi mtu anunuaye dizeli ya bei rahisi sana kandokando ya njia, katika madumu, na ajue anachokinunua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Adui wa nne ni ukavu. Gari likiishiwa na mafuta kabisa, na dereva akaendelea kupiga stata, pampu huzunguka bila kulainishwa.

DALILI ZA PAMPU ILIYOCHAKAA

Dalili ya mvua ni mawingu, nayo pampu haifi kwa siku moja. Dalili zake ni hizi.

Dalili iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba gari huwaka vizuri asubuhi likiwa baridi, lakini hukataa kuwaka likiwa na moto. Mtu amesafiri, amesimama sokoni kwa dakika ishirini, arudi apige stata, gari likatae. Akingoja saa moja au mbili, likubali. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Dizeli ikiwa baridi ni nzito kidogo. Ikipata moto huwa nyepesi, kama mafuta ya nazi yayeyukavyo juani. Nafasi ya plunja ikiwa imepanuka, dizeli nzito bado hushindiliwa na kwenda mbele, bali dizeli nyepesi hutoroka nyuma, na nguvu ya kufungua nozeli haipatikani. Injini ikishawaka, mwendo wa pampu huwa mkubwa, mafuta hayapati nafasi ya kutoroka, na gari huenda. Ndiyo maana gari kama hilo laweza kukataa stata, nalo likisukumwa likawaka.

Dalili ya pili ni kupungua kwa nguvu hasa kwa safari ndefu yenye jua kali, bila moshi mweusi. Kukosekana kwa moshi mweusi ni jambo la kuangaliwa, kwa maana moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kupita hewa, na pampu iliyochakaa hutoa mafuta machache.

Dalili ya tatu ni moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, pamoja na injini kuwa nzito kuitika mtu akikanyaga mafuta. Wakati wa kunyunyiza hurekebishwa na nguvu ya mafuta yaliyo ndani ya jumba la pampu. Ile pampu ndogo ya mabawa ikichakaa, nguvu hiyo hupungua, na dizeli hufika silindani ikiwa imechelewa.

Dalili ya nne ni mngurumo usiotulia gari linaposimama: injini hupanda na kushuka kama mtu anayehema. Huenda kirekebisha mwendo kilicho ndani ya pampu kimelegea, ingawa hewa iliyoingia katika mabomba huleta jambo lilo hilo.

Dalili ya tano yaonekana kwa macho, nayo ni kuvuja. Tazama mahali mhimili wa mkono wa mafuta unapoingia juu ya pampu. Ushike kwa vidole na kuutikisa. Ukicheza huku na huku, na pembeni pana unyevu wa dizeli, tundu lake limelika. Tazama na nyuma, yanakofungwa mabomba manne ya chuma, na mbele upande wa beliti. Kuvuja si kufa kwa pampu, maana mara nyingi mipira mipya hutosha. Lakini palipo na njia ya dizeli kutoka, pana njia ya hewa kuingia gari likiwa limezimwa.

Dalili ya sita ndiyo shahidi asiyekanushika. Fundi akifungua bomba la kurudishia mafuta, akayakinga katika chupa safi ya kioo na kuyatazama juani, akaona vumbi la chuma linalometameta, hapo pampu inajila yenyewe.

KABLA YA KUISHITAKI PAMPU

Sasa tuyaangalie mambo yenye dalili zinazofanana na hizo, kwa utaratibu, tukianza na yasiyo na gharama.

Kwanza, sikiliza stata. Injini ya dizeli haiwaki isipozungushwa kwa kasi. Betri iliyochoka, au waya wenye kutu, au stata ambayo hulegea ikipata moto, huleta ugonjwa ule ule wa kukataa kuwaka mchana. Ikiwa stata inavuta kwa uzito, itengeneze hiyo kwanza.

Pili, tazama moshi wakati wa kupiga stata. Ikiwa hakuna moshi wowote katika bomba la nyuma, dizeli haifiki silindani. Ikiwa moshi mweupe wa dizeli unatoka, mafuta yanafika lakini hayawaki; hapo fikiri juu ya joto, au mshindilio wa silinda, au wakati wa kunyunyiza. Hilo moja lamwokoa fundi na kazi ya siku nzima.

Tatu, ikiwa hakuna moshi, washa ufunguo na usikilize juu ya pampu. Kuna kizibo cha umeme ambacho hufungua njia ya mafuta kwa mlio mdogo, "tak." Usiposikia mlio huo, chunguza waya wake na fyuzi. Injini inaweza kukataa kabisa kwa ajili ya waya mmoja uliokatika.

Nne, fungua kibomba kilicho chini ya chujio, ukinge mafuta katika chupa ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, nayo hukaa chini. Ukiona maji, umemwona adui. Chujio likiwa kuukuu, weka jipya. Ni vigumu mtu kuihukumu pampu inayonyimwa chakula chake.

Tano, tafuta hewa. Ondoa mpira uingizao mafuta katika pampu, uweke kwa muda kipande cha mpira mweupe upitishao nuru. Washa injini, utazame. Mapovu yakipita, hewa inaingia mahali fulani kati ya tangi na pampu. Tena gari likiwa gumu kuwaka asubuhi baada ya kulala, sukuma kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya chujio kabla ya kupiga stata. Likiwaka upesi, jua kwamba mafuta yalirudi tangini usiku. Tafuta panapoingia hewa.

Sita, ipe pampu chakula kingine. Tundika dumu safi lenye dizeli safi juu kuliko pampu, mahali palipo mbali na moto. Leta mpira kutoka dumu hilo mpaka pampu, na ule wa kurudisha uuelekeze katika dumu hilo hilo. Safari hii tangi, mabomba na chujio vimeachwa nje ya shauri. Injini ikipata nguvu zake, pampu haina hatia. Jaribio hili ni la dakika chache na halidai chombo cha thamani, wala halifai kuachwa.

Saba, ikiwa taabu ni ya asubuhi tu, na mchana gari ni jepesi kuwaka, usiitazame plunja. Zitazame zile plagi za kupasha moto, ambazo ni moja kwa kila silinda. Zipime moja moja kwa taa ya majaribio. Shika kanuni hii: gari gumu kwa baridi, tazama plagi, hewa na mshindilio, gari gumu kwa moto, tazama stata, kisha pampu.

Nane, ikiwa injini inatetemeka na silinda moja haifanyi kazi, kumbuka lile jambo tuliloliweka akiba. Plunja ni moja kwa silinda zote. Ikichakaa, silinda zote nne huugua pamoja. Basi silinda moja ikigoma na nyingine tatu zikawa nzima, mara nyingi kosa ni la nozeli yake, au bomba lake, au valvu zake, au mshindilio wake. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, umekwisha kumpata mwenye kosa. Katika pampu za malori zilizo za safu, ambazo zina plunja moja kwa kila silinda, kanuni hii haifuatwi, kwa maana huko plunja moja yaweza kufa peke yake.

Hapa pana onyo ambalo kila mtu na alishike. Fundi alegezapo nati ya bomba la nozeli ili kuijaribu silinda, asiweke mkono wala kidole karibu na mafuta yanayoruka. Mnyunyizo wa nozeli hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Tundu lake huonekana dogo kama la sindano, na maumivu huwa machache mwanzoni, lakini sumu yake yaweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali saa ile ile, aseme wazi yaliyompata, wala asingoje kuona kama kutavimba.

Tisa, mwambie fundi atazame beliti iliyo mbele ya injini. Katika injini za 2L na 3L beliti hiyo ndiyo iendeshayo pampu; ikilegea na kuruka jino moja, wakati wa kunyunyiza hupotea, na moshi mweupe hutoka kama ule wa pampu mbovu. Beliti ikikatika, valvu na pistoni hugongana. Mwisho, apime mshindilio wa kila silinda. Injini ambayo ringi zake zimekwisha haitaponywa na pampu mpya.

JARIBIO LA KITAMBAA CHA MAJI

Ikiwa hayo yote yameonekana mazima, na gari bado lakataa likiwa na moto, lipo jaribio la zamani la mafundi. Ngoja mpaka gari lipate moto na kukataa. Zima ufunguo. Chovya kitambaa kinene katika maji ya kawaida, ukizungushe juu ya pampu peke yake, ukikichovya tena mara kwa mara kwa dakika chache. Usimwage ndoo ya maji, wala usitumie maji ya barafu, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafula chaweza kukaza. Tena usifanye hivyo injini ikizunguka, na uangalie maji yasifike kwenye umeme. Kisha piga stata. Injini yenyewe bado ina moto vile vile. Kilichopozwa ni pampu tu. Gari likiwaka sasa, ilhali lilikataa kitambo kidogo, ushahidi juu ya plunja na kichwa chake ni wenye nguvu.

YASIYOFAA KUFANYWA

Kuna fundi ambaye akiona pampu imedhoofika huchukua bisibisi na kufungua skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu, ili mafuta yaongezeke. Siku hiyo gari huenda vizuri, mwenye gari hufurahi, na fundi hulipwa. Lakini nafasi ya plunja haikupungua hata chembe. Baada ya muda ugonjwa hurudi, na safari hii gari latoa moshi mweusi likiwa baridi, linakula mafuta mengi, na injini yapata moto kupita kiasi. Dawa hiyo ni sawa na kumpiga punda mgonjwa ili apande kilima.

Kadhalika haifai kupuliza etha katika njia ya hewa ili kuiamsha injini. Katika injini yenye plagi za kupasha moto, etha yaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni au ringi.

PAMPU IKITHIBITIKA KUWA IMECHAKAA

Pampu haitengenezwi chini ya mwembe. Kazi ya elfu za milimita haipatani na vumbi, wala haipimwi kwa macho. Ipelekwe kwa fundi mwenye meza ya kupimia pampu, yaani mtambo uizungushao pampu kwa miendo mbalimbali na kupima mafuta yatokayo katika kila tundu, pamoja na nguvu ya ndani na wakati wa kunyunyiza. Nenda na shahada zako ulizozikusanya: likiwaje asubuhi, likiwaje mchana, moshi wa rangi gani, na kitambaa cha maji kilisema nini. Omba uandikiwe vipimo vya kabla na vya baada, na urudishiwe vyombo vilivyotolewa. Fundi mwaminifu hatakasirika, na asiyetaka kukuonyesha vipimo amekwisha kukujibu.

Huenda kikabadilishwa kichwa na plunja yake, vikiwa pamoja, kwa kuwa vimesuguliwa kupatana na haviachanishwi. Huenda ikatosha mipira na mabawa. Pampu ya mtumba nayo huuzwa, lakini mnunuzi na aione kwanza ikipimwa juu ya meza, kwa sababu nayo ilitolewa katika gari lililozeeka.

Na kabla ya kuifunga pampu iliyotengenezwa, lishushwe tangi, lioshwe, mabomba yapulizwe, na chujio jipya liwekwe. Maji na mchanga vilivyoiua ya kwanza bado vimo humo, navyo havijali kwamba ya pili imegharimu fedha nyingi.

Baada ya hapo ulinzi wake ni mdogo. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi. Nunua dizeli katika kituo kinachojulikana. Mwaga maji ya chujio kila baada ya siku chache wakati wa masika. Badilisha chujio kwa wakati wake, na usiliache gari likauke mafuta. Wenye magari ya shirika na ya kijiji wafanye daftari dogo la kuandika siku ya chujio, mahali mafuta yaliponunuliwa, na kila siku gari lilipokataa. Walimu wanaweza kusaidia sana katika kuliandika. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na chujio moja ni ufa mdogo sana ukilinganishwa na pampu.